Shabiki wa Sudi

Mwanamuziki aliyekufa asipopata shabiki wa kumwimbia siku yake ya kuzaliwa, sauti yake hufutwa kila mahali, hata kwenye simu ya mjane wake. Ndio sheria, na ndugu hawahesabiwi, wala mjane.

Siku ya kuzaliwa ya marehemu mumewe, Sudi, Mwanamkasi alipanga viti uani, akaweka keki, akangoja weee. Mtaa mzima ulikuwa kwa kijana mwimbaji wa singeli aliyezaliwa tarehe hiyohiyo, wakimwagiana maji na kupiga vigelegele. Akamkimbilia jirani yake Riziki, akamshika mkono.

"Njoo umwimbie Sudi, shoga yangu. Wimbo mmoja tu!"

"Ningekuja, shoga. Ila nyimbo zake sizijui hata moja."

Magharibi ilipoingia, mashine ya ukutani, ile ya kukagua mashabiki, ikawaka. "Kuna shabiki?"

"Nipo," akasema Mwanamkasi.

"Marehemu ni nani wako?"

"Si mtu wangu. Nilikuwa namsikia redioni tu."

Akaimba mpaka mwisho. Mashine ikaridhika.

Kisha akafungua simu, kwenye sauti aliyoihifadhi. "Mke wangu," Sudi akaita kama siku zote, "umelala?"

Mwanamkasi akaziba mdomo kwa kanga, asije akaitika mashine ikasikia.