Jina la Marehemu Limo Chupani

Tangu itoke sheria kwamba jina ni mali ya aliyetangulia kulibandika kwenye chupa, Bibi Aikande wa Machame alikatazwa kumtaja marehemu mumewe. Jina lake, Ndesario, sasa lilikuwa la bia ya kiwanda kidogo cha mjini, na mbege, pombe ya ndizi aliyoipika yeye na kuiuza kwa jina hilohilo ilimwagwa mtaroni huku akitazama.

Leo ilikuwa siku ya kumtambikia mzee. Bibi alishika kibuyu cha mbege, akaonja kwanza kama ilivyo desturi, akamimina kidogo chini.

"Pokea, Nde..."

"Samahani," kilisema kisikio cha serikali, kile kidude cha kunasa maneno kilichobandikwa ukutani. "Jina hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi! Nimelala nalo kitanda kimoja tangu usichana wangu, tena likikoroma!"

"Mama, watatufungia nyumba," binti yake Eliamani alimsihi. "Mwite kwa namna nyingine."

Bibi alikasirika. Amwite mumewe "wewe" kama mwizi wa kuku? Akainama, akanong'ona lile jina la mahaba alilompa mzee enzi za uchumba, ambalo hata Eliamani hakuwahi kulisikia. Akamimina tena, moyo ukaanza kupoa.

Kisikio kililinasa.

"Jina zuri," kikasema. "Halikuwa na mwenyewe. Wale wa kiwandani wameshalichukua. Tafadhali usilirudie."

Bibi alibaki na kibuyu mkononi, na mzee hajamaliza kunywa.