Kisigino cha Shangazi

Shangazi Bernadeta aliniambia nichague mwenyewe, halafu akanichagulia.

Nilikuwa na jioni moja tu Mwanza, kesho narudi Usagara. Ukumbini kulikuwa na baleti. Uwanjani, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, yalikuwa yanashindana kucheza, na wanaovuta watu wengi ndio washindi.

"Baleti," alisema. "Wasichana wanasimama kwa ncha za vidole, utapenda. Kule uwanjani ni vumbi na uchawi tu."

"Umeshawahi kwenda?"

"Mimi, mwanakwaya? Thubutu! Tena hao Bagalu wa siku hizi wanarusha majembe kama wanafukuza kuku."

Amejuaje?

Gari la matangazo likapita nje likipiga ngoma. Shangazi aliendelea kuchambua mchele, uso mkavu kabisa. Lakini chini ya ungo, mguu wake ulikuwa umechomoka kwenye kandambili. Kisigino kilipiga sakafu, vidole vikajibu, kisigino tena, bila kukosea hata pigo moja.

Niliutazama mpaka gari likaishia mbali.

"Shangazi, ulikuwa unachezea Bagika?"

Mguu ukasimama.

"Kavae raba," alisema. "Kule kuna vumbi."