Birika Lililoua Seva

Birika la umeme lilifungiwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo Bosi akautia mfukoni. Alisema ni ushahidi. Katika ofisi ile ya wasanifu majengo hakuna aliyecheka, maana michoro yote ilikuwa imepotea kwenye kompyuta, na aliyecheka angeweza kufungiwa pamoja nalo.

"Nani alichomeka birika?" Bosi aliuliza.

"Mimi," alisema dada wa mapokezi.

"Na michoro ikapotea asubuhi hiyohiyo."

"Lakini Bosi, seva inayotunza michoro si iko kule chumba cha baridi? Birika lilikuwa hapa, kwenye meza ya chai."

"Umeme ni mmoja, dada. Au wewe una wako?"

Kwa hoja nzito kama hiyo, kesi ikaisha.

Asubuhi hiyo Bosi alikuwa amesafisha mapokezi kwa ajili ya wageni, wenye shule waliokuja kuona michoro ya madarasa yao. Bosi akiamua kusafisha, hasazi kitu. Viti vibovu, feni isiyozunguka, boksi la kijivu lililokaa chini pembeni ya meza ya chai, ambalo yeye mwenyewe aliligeuza stuli ya kikombe chake: vyote aliving'oa kwa mkono wake na kumpa mkusanya vyuma chakavu, tena akajisifu kwamba hakudai hata asante. Dada wa mapokezi, aliyezoea kuchemshia maji sakafuni kule kwenye korido, aliona soketi ya pale meza ya chai imebaki wazi. Akafurahi, masikini, akachomeka birika.

Wageni walipoketi, kompyuta za wachoraji zilikuwa zinafunguka tupu. Wakaondoka na ahadi ya wiki ijayo. Dada wa mapokezi naye alipewa ahadi yake.

"Siku seva mpya ikiwaka," Bosi alimwambia, "wewe unafunga mkoba."

Dada alikuwa na watoto shuleni na mume ambaye tangu zamani "alikuwa anasubiri kuitwa" kazini. Mshahara wake ndio uliokuwa unawalisha wote.

Uchunguzi ulifanywa na mpwa wa Bosi, aliyejiita Mtaalamu. Alikuwa amechukua nafasi ya fundi wa zamani, aliyefukuzwa kwa uvivu. Fundi yule alilipwa atunze seva, lakini kila Bosi alipomtafuta, alimkuta amechuchumaa kwenye meza ya chai. Bosi akasema hamlipi mtu mshahara ili anywe chai, akamleta mtoto wa dada yake, kijana safi asiyependa chai wala kuchuchumaa.

Mtaalamu aliingia chumba cha baridi, akalitazama lile kabati jeusi ambalo ofisi nzima ililiogopa. Taa zake za kijani zilikuwa zinakonyeza.

"Imekufa," alisema.

"Mbona taa zinawaka?" mchoraji mmoja aliuliza.

"Ndivyo zinavyokufa hizi. Ndani kumeungua, nje zinajikaza."

Hakulifungua. Alisema kufungua ni kazi ya mafundi wa mitaani.

Ikabaki kununua nyingine. Bosi alisikia bei dukani, akatoka bila kuaga. Bajeti hairuhusu, alisema, ingawa bajeti hiyohiyo ilikuwa imeruhusu bila kinyongo alipotaka kiti cha ngozi. Mtaalamu akampeleka kwa muuza kompyuta za mitumba, nyuma ya gereji. Muuzaji akawaonyesha mashine iliyofutwa vumbi ikang'aa, imebandikwa uso mweusi na stika ya dhahabu.

"Hii imetoka benki," alisema. "Na ndani sijagusa kitu, iko kama ilivyokuja."

Mtaalamu aliigonga kwa kidole kama anachagua tikitimaji.

"Inaonekana kabisa, Mjomba. Mashine ya watu wenye akili."

Bosi alivutana bei na yule mtu mpaka akatishia kumfungia duka. Hatimaye alilipa, akarudi ofisini kifua mbele. Akawaambia wafanyakazi kwamba wangekuwa wao, wangepigwa mchana kweupe.

Kwenye kabati jeusi mashine haikuingia. Mtaalamu akatafuta mahali pengine, na mahali pekee penye soketi wazi palikuwa pembeni ya meza ya chai. Nyuma ya meza kulikuwa na waya wa mtandao umelala chini bila mwenyewe.

"Huu sijui ulikuwa wa nini," alisema, akauchomeka. Akabonyeza swichi.

Kelele zikatoka chumba cha wachoraji.

"Imerudi! Michoro yote imerudi! Hata ya madarasa!"

"Mimi bado sijaweka kitu," Mtaalamu alisema kwa sauti ndogo.

"Unaona mashine ya benki, lakini?" Bosi alimpiga begani. Akafungua kabati la chuma, akalitoa birika, akamkabidhi dada wa mapokezi. "Haya, dada, tupikie chai ya mwisho. Ukimaliza, acha funguo za ofisi mezani. Na ukachemshie huko koridoni, usije ukaiua na hii."

Dada wa mapokezi alilibeba birika kwenda koridoni, hasira zimempanda. Lakini chai aliipika, na aliipika vizuri, kwa sababu hakutaka wamseme hata kwa hilo.

Bosi alipokea kikombe chake, akapiga funda moja, akaanza kuwahutubia namna mtu mwenye akili anavyonunua vitu. Hotuba ikadai mikono yote miwili. Akainama kidogo, akakitua kikombe juu ya mashine bila kutazama, kwa mazoea.

Kikakaa sawasawa ndani ya duara la kahawia, lile ambalo dada wa mapokezi alilisugua miaka yote juu ya boksi la kijivu bila kulitoa.