Gogo la Thelathini na Moja

Waya ulikatika tena kabla ya chai ya asubuhi, na safari hii hakuna aliyethubutu hata kuguna. Ilikuwa mara ya tisa. Mhandisi Kajitani aliinama mwenyewe akaiokota ncha.

Ilikuwa nyembamba kuliko uzi wa kushonea, lakini ndani ya shaba yake mlijaa nyuzi zaidi ya elfu moja za madini ambayo, yakipozwa kupita barafu yoyote, hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Kiwanda hiki cha Takaoka kilikuwa kimeusaka waya huo miaka kumi na mmoja. Kilianza na uzi mmoja, kikafika sitini, na sasa hospitali moja ya Osaka ilikuwa ikingoja kilomita ishirini bila kiungo, kwa ajili ya sumaku ya mashine ya kuchungulia ndani ya mwili.

"Ni gogo lenyewe," Kajitani alisema. "Limeharibikia tumboni."

Kila waya huanza kama gogo. Vijiti vyembamba vya madini hayo hupangwa kwa mkono ndani ya kopo la shaba, kopo hufungwa, hubanwa kwenye moto, kisha huvutwa na kuvutwa mpaka kitu cha urefu wa mkono kiwe waya wa kufika nje ya mji. Uchafu uliofungiwa humo haupunguki. Waya ukishakuwa mwembamba kuuzidi, hukatika.

Gogo la thelathini na moja lilipangwa na Bi Hatsue Murooka, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Kajitani aliikumbuka vizuri siku lilipofungwa, maana ndiyo siku waliyomuaga Mzee Toda, fundi aliyemfundisha kuvuta waya. Alitoka msibani moja kwa moja, akajitakasa mlangoni mwa kiwanda kama desturi, akatupia koti jeupe juu ya suti nyeusi, akaenda kusimama juu ya kopo. Hakuna gogo lililofungwa kabla yeye hajaliinamia na kulikagua kijiti kwa kijiti. Hiyo ilikuwa sheria yake, na alijivuna kwamba hata msiba haukuivunja.

"Mkuu, ungepumzika nje kidogo," Bi Hatsue alimwambia. "Vijiti havina miguu, havitakimbia."

"Fanya kazi, dada. Kama ni kulia, nitalia nyumbani."

Bi Hatsue akaunyanyua mkono taratibu kuelekea kwenye ukosi wa suti yake. Kajitani akarudi nyuma. Kupapaswa kama mtoto mbele ya wafanyakazi! Bi Hatsue akaushusha mkono, akainama kwa heshima. Mtu aliyefiwa, tena mkubwa wake, angemwambia nini zaidi? Kopo likafungwa.

Jumatatu majibu ya chuo kikuu, walikopeleka kipande cha waya uliokatika, yalifika. Kilichokuwa tumboni mwa gogo ni chumvi. Chumvi hii hii ya jikoni.

Kiwanda kizima kikamgeukia Bi Hatsue. Nani asiyejua chakula chake cha mchana? Matonge ya wali yenye plamu zilizochachushwa kwa chumvi, kali mpaka wenzake walikuwa wakimtania kwamba akipiga chafya, bustani inakauka. Sasa hakuna aliyecheka.

"Ulikula ndani ya chumba cha kupangia vijiti?" Kajitani alimuuliza.

"Sijawahi, Mkuu. Hata peremende."

"Basi chumvi iliota humo kama uyoga?"

Bi Hatsue alimtazama mabegani, kisha machoni. Makao makuu yalitaka jina kufikia Ijumaa. Bila jina, kazi ya waya ingefungwa na watu arobaini wangerudi makwao.

"Gogo nimelifunga mimi," alisema mwishowe. "Liwe juu yangu."

Kajitani akalichukua hilo kuwa ni kukiri. Lilimuuma, maana alimpenda kama dada yake mkubwa, na kwa kuwa lilimuuma alimfukuza kwa ukali zaidi.

Siku ya kuondoka Bi Hatsue aligawa biskuti za mchele kwa wote. Kajitani alipewa kifurushi kirefu. "Kitakufaa, Mkuu," alisema, akaenda zake. Ndani mlikuwa na brashi ya nguo, mpya, ya manyoya ya farasi.

"Ananidhihaki," Kajitani alimwambia Onodera, mlinzi. "Amenichafulia gogo, halafu ananipa brashi!"

Akamtupia. Onodera, asiyependa kuona kitu kizuri kikipotea, akaitundika kwenye msumari mlangoni.

Gogo la thelathini na mbili lilitoa kilomita ishirini bila kukatika hata mara moja. Watu wakasema: si mnaona? Bi Hatsue hakupata kazi tena pale mjini. Nani amtake mpangaji wa chumvi?

Mwaka uliofuata Kajitani aliombwa aandike historia ya waya, kitabu cha sherehe za kiwanda. Aliandika mpaka akafika pale, akasita siku mbili, kisha akaandika kwamba gogo la thelathini na moja liliharibiwa na chakula cha mpangaji wa vijiti, H. Murooka, ambaye alikiri. Ukweli ni ukweli, alijiambia.

Ukurasa huo ulikuwa mfukoni mwake, tayari kwa mpiga chapa, asubuhi aliyotoka msibani kumuaga mkurugenzi wa zamani. Gogo jipya lilikuwa likimngoja ndani, wazi.

"Wahi, Mkuu," Onodera alimhimiza. "Wanasema hawafungi mpaka ulichungulie."

"Nakuja, acha nijitakase kwanza."

Akachana kipakiti cha karatasi anachopewa kila mwombolezaji, akajirushia chumvi kifuani, mabegani na miguuni ili kifo kisimfuate ndani, na alipoinua macho, brashi ya Bi Hatsue ilikuwa mbele yake, kwenye msumari.