Tangi la Kwanza Linamwagwa

Fundi alifika Ijumaa, na alitarajiwa Jumatatu.

Mercyline alimkuta amesimama mlangoni: kijana mrefu, mkoba wa spana begani, sanduku la kadibodi mikononi. Alihema kama mtu aliyekimbia njia nzima ya kupanda Waithaka.

"Naitwa Kimanzi, natoka dukani Adams Arcade. Nimeleta ile filta ya maji."

"Si mlisema Jumatatu?"

"Nimepata nafasi leo, mama." Alisema huku akitazama kizingiti.

Mercyline hakubishana. Binti yake Peres alikuwa amelazwa tangu mvua zilizopita. Dawa za saratani ya damu zilikuwa zimemkausha mwili mpaka akabaki macho tu. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba hatamruhusu mtoto kwenda nyumbani kama maji ya kunywa si safi kabisa. Hata kijidudu kidogo kingeweza kummaliza. Na maji ya ploti yao yalitoka kwenye kisima cha landilodi, yana chumvi, yanatia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Yeye alikuwa ametaka filta ya mshumaa wa udongo, ile ya ndoo mbili. Mumewe Jackton akakataa: ile inazuia wadudu, haigusi chumvi. Akaagiza ya kufungwa chini ya sinki, yenye utando mwembamba wa kuchuja chumvi. Kisha akarudi hospitalini kukaa na mtoto, na huko ndiko alikokuwa.

"Naomba simu yako nimulike huku chini," Kimanzi alisema. "Yangu napokelea kazi."

Alimpa. Muda si muda ikaanza kutetemeka mle kabatini.

"Nani huyo?"

"Matangazo tu, mama." Akaibonyeza, ikanyamaza.

Kazi ilikwenda pole pole mno. Kimanzi alikaza nati, akailegeza, akaikaza tena. Nje, jirani wa mlango wa pili, mwanamke asiyeweza kupita bila soga, alipita ameinamisha kichwa. Hata salamu hakutoa.

"Leo watu wana nini?" Mercyline akacheka. "Na wewe fundi, hiyo nati unaikaza ama unaitongoza?"

Kimanzi alijaribu kutabasamu, ikamshinda. Akaanza kumfundisha. Chujio la kwanza, la kushika mchanga, libadilishwe likigeuka rangi. La mkaa halioshwi, linatupwa. Utando ukitunzwa vizuri unaweza kukaa hata miaka miwili.

"Miaka miwili! Basi Peres ataubadilisha mwenyewe. Huyo mtoto ni mtundu, ashawahi kufungua redio ya babake akairudisha, ikabaki skrubu moja. Nyinyi mafundi mtakosa kazi, nakwambia."

Kimanzi aliingiza kichwa chini ya sinki, akakaa huko muda mrefu. Hata mlio wa spana haukusikika.

Hatimaye maji yakaanza kudondoka ndani ya tangi dogo la filta. Lilipojaa, Mercyline akaleta glasi.

"Bado," Kimanzi alisema. "Tangi la kwanza linamwagwa. Linaosha mkaa."

Wakamwaga. Wakangoja lijae tena, tone kwa tone, jua likihama kutoka dirishani. Lilipojaa, Kimanzi akafungulia mfereji, likaenda lote.

"Hata la pili?"

"Hata la pili, mama."

Simu ya Kimanzi ikalia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kali, Mercyline akasikia kila neno.

"We Kimanzi, uko wapi? Wateja wa Westlands wamekungoja tangu asubuhi!"

"Siwezi kutoka hapa sasa, bosi."

"Basi kaa huko huko. Hapa kazi huna tena."

Kimanzi aliitia simu mfukoni.

"Enda, ndugu yangu," Mercyline alimsihi. "Usifutwe juu ya maji yangu. Hayo mengine nitamwaga mwenyewe."

"Hapana, mama. Nitangoja."

Hapo moyo ukamlipuka Mercyline. Mwanamume asiyemjua, amekataa kutoka nyumbani kwake. Akaufungua mlango wazi kabisa, akasimama karibu nao ameshika mwiko.

"Unangoja nini, hasa?"

"Maji, mama."

"Nipe simu yangu. Nataka kumwambia Jackton amjulishe daktari filta iko tayari."

"Utamwambia iko tayari na hujaonja?" Alisema kwa upole, karibu kwa kuomba. "Onja kwanza."

Akakinga glasi mwenyewe, akamletea. Mercyline akanywa. Hayakuwa na chumvi, wala harufu ya bomba. Akafumba macho. Siku zote hizo hakuwa ameweza kumpa Peres kitu chochote ila kumshika mkono wakati wa sindano. Sasa alikuwa na kitu. Akaweka mwiko chini.

"Samahani, fundi," akasema. "Nilikudhania mwizi. Mungu akubariki."

Kimanzi aliokota spana zake, akaanza kuzipanga mkobani.

Lango la ploti likalia. Wakaingia wanawake wa kanisani, Veronicah mwenyekiti wao mbele, mchungaji nyuma yao. Walikuja kimya, wamejifunga leso viunoni.

"Karibuni!" Mercyline aliita, glasi juu. "Nani amewaambia? Njooni muonje maji ya Peres!"

Veronicah akamtoa glasi mkononi, akaiweka mezani. Wenzake wakamzunguka Mercyline, kila upande.

"Keti kwanza, Mama Peres."

Kimanzi aliiacha simu ya Mercyline juu ya kabati, akabeba mkoba wake, akatoka uani. Akapiga namba.

"Baba Peres," akasema, "wamefika. Sikumwacha peke yake, kama ulivyoniomba."