Kitovu cha Ndooni

Tangu mafuriko yale yaliyoporomosha mlima, serikali iliwalipa wakulima wa mlimani ruzuku ili mashamba yapumzike miaka thelathini. Katikati ya kila shamba palisimama kigingi chenye masikio. Kikisikia mtu anachimba, ruzuku ya kijiji kizima inakatwa.

Bi Namkunda hakuwa na kinyongo. Ruzuku ilimlisha, na mlima haukuporomoka tena. Lakini kitovu cha mjukuu wake kilipodondoka, alikifunga kwenye jani la mgomba, akaingia shambani pekupeku, akadidimiza kidole udongoni taratibu, kama anayepima joto la maji ya kumwogeshea mtoto.

"Bi Namkunda," kigingi kikasema kwa upole, "ardhi imelala."

"Sijaja kulima, baba. Nazika kitovu cha mtoto, hapa kilipo cha mama yake."

"Hongera kwa kupata mjukuu. Tafadhali toa kidole kabla sijaandika."

Akakitoa. Nyumba arobaini zilikula kwa ruzuku ile. Kitovu akakizika barazani, kwenye ndoo kuukuu aliyooteshea mchaichai.

Siku za uzazi zilipokwisha, binti yake Nakijwa alifunga mizigo kurudi mjini na mtoto. Gari likinguruma, alirudi mbio barazani, akaiinua ile ndoo.

"Mama, si ndiyo ya mtoto hii? Ngoja niende nayo."

Bi Namkunda alifungua mdomo amweleze kwamba kitovu huzikwa nyumbani ili mwenyewe awe na pa kurudi. Akalitazama shamba, kijani kibichi, lisilo na hata unyayo.

"Chukua tu, mwanangu," akasema. "Usisahau kuimwagilia."