Sakafu ya Chumba cha Juu

Mzee alimvuta fundi wa vigae mpaka jikoni, akarudisha mlango, ndipo akamwambia anachotaka: sakafu yenye kelele.

Fundi alidhani masikio yake yamezibwa na vumbi. Ameweka vigae tangu hajaota ndevu, na wateja wote humlilia jambo moja tu, kwamba mtu akitembea juu, walio chini wasisikie. Huyu ndiye wa kwanza kuomba kinyume.

"Sijakuelewa, baba."

"Mke wangu amelala hapa chini. Tangu apooze miguu, hatoki chumbani. Chumba cha juu ni cha binti yetu." Mzee alikuwa akisema huku akiitazama miguu yake mwenyewe. Alivaa kandambili, na vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta. "Hawa wawili hawasemeshani. Binti ameapa hatashuka kumwona mpaka hasira zimwishe. Lakini kila jioni mama yake humsikia akitembea huko juu, na hapo ndipo hukubali kula. Asipomsikia, hata uji hagusi. Ukiinyamazisha hiyo sakafu, fundi, utaniulia mke."

Maskini mzee wa watu, fundi aliwaza, amebanwa katikati kama karanga.

"Basi si uziache mbao kama zilivyo?"

"Vigae anavitaka mama mwenyewe. Nitamkatalia kwa sababu ipi?"

Wakapanda kukagua, mzee akitangulia na kuchechemea. Binti hakuwamo; mzee alisema mchana huwa kazini, hutoka na kurudi bila kupita kwa mama yake. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda kilitandikwa bila kunjo hata moja, na viatu vyeusi vya visigino vilipangwa kando ya mlango. Fundi alipiga magoti, akabonyeza mbao za sakafu mojamoja. Hazikuwa zimeoza, ila zilicheza, na sakafu inayocheza hupasua vigae mapema sana. Lazima mbao zikazwe kwa skrubu, kisha utandazwe ubao mwingine juu yake, ndipo vigae vifuate. Kazi ilikuwa kuchagua ubao gani.

Jioni alirudi na vipande vitatu vya mfano, akavipanga juu ya shuka, pembeni ya mgonjwa. Mzee alisema anakwenda kuchemsha chai.

"Hii ni plaiwudi, mama. Bei yake nafuu, lakini ikinywa maji inavimba na vigae vinabanduka. Sitaki uje unilaani. Huu ni ubao wa saruji, mwembamba, mgumu, hauozi." Aliugonga kwa kidole, ukalia ko. "Na huu una tabaka la mpira." Aliugonga pia, haukutoa hata mlio.

Mama aliuchukua ule wa mpira, akaugonga mwenyewe, akausikiliza, akaurudisha polepole.

"Alikuwa akivitaka vigae vyeupe," alisema. "Kila siku vigae, vigae. Nikamwambia nyumba hii ni yangu, na asiyeipenda sakafu yangu mlango anaujua. Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto? Kesho yake nikaanguka, nikapelekwa hospitali. Niliporudi, baba yake akaniambia yuko juu, bado amenuna." Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. "Ulimi wangu huu, fundi. Heri ningeuuma."

Fundi alijifanya anafuta vumbi kwenye vipande vyake.

Juu yao mbao zikaanza kulia. Ko. Ko. Ko. Visigino vilitoka mlangoni vikaelekea dirishani, polepole, mguu mmoja ukijikokota. Mama aliinua macho, akavifuata darini kutoka upande huu mpaka upande ule, na uso wake ukajaa huzuni ambayo fundi hakuweza kuitazama.

Damu ilimchemka fundi. Mama yake mwenyewe alikuwa kaburini, na angetoa vifaa vyake vyote ili akae naye tena kwa kikombe kimoja cha chai. Na huyu binti, mzima wa afya, ngazi ni hizo hapo, anajitembeza tu na kiburi chake juu ya kichwa cha mgonjwa. Watoto wengine wanafaa kuchapwa hata wakiwa na visigino.

"Nipande nimwite, mama? Nitamsema mimi, kama kaka yake."

"Mwache. Amechoka."

Hatua zikakoma. Fundi alimeza hasira yake, akakumbuka ombi la mzee kule jikoni, akausogeza mbele ule ubao wa saruji.

"Chukua huu basi. Vigae vikikaa juu yake, kisigino kitalia kuliko sasa. Utamsikia kila jioni, mpaka moyo wake ulainike ashuke mwenyewe."

Mama alitikisa kichwa. Alimsukumia mkononi ule wa mpira.

"Weka huu. Mzee akikuuliza, mwambie ule mwingine umekwisha dukani."

"Lakini mama, hutamsikia tena binti yako."

Kwenye ngazi, miguu mitupu ilikuwa ikishuka kwa taabu. Mama alimvuta fundi kwa mkono wa shati mpaka akainama.

"Binti yangu nilijua amekufa tangu siku niliyorudi kutoka hospitali," alinong'ona. "Baba yake akiona sisikii tena, labda atavivua vile viatu vinavyomtoa malengelenge."